Kuku Amevaa Miwani: Neno la Siri la Mdogo Wangu

"Mdogo wako? Mbona ameshachukuliwa!"

Mwalimu wa zamu alinijibu hivyo huku anapangusa chaki mikononi, hana hata chembe ya wasiwasi.

"Amechukuliwa na nani, mwalimu?"

"Na mjomba wenu."

Jamani... sisi hatuna mjomba!

Mama yangu kazaliwa peke yake. Hana kaka, hana dada, hana hata binamu wa kusingizia. Nilimsogelea mwalimu palepale getini.

"Mjomba gani, mwalimu?"

"Si yule wa shati la mistari! Mstaarabu sana. Tena mimi nilimzuia kwanza, nikamuuliza mtoto, huyu unamjua? Yule bwana akainama, akamnong'oneza sikioni. Mtoto akaruka kwa furaha! Akaniambia, mwalimu, huyu katumwa na mama, analijua neno langu la siri."

Nikageuka haraka kutazama barabara.

Maana neno la siri la Kibibi nalijua. Ni "kuku amevaa miwani."

Na hata wewe unayesoma hapa, kama ni mfuasi wa siku nyingi, unalijua. Usijifanye hulijui. Uliweka laiki!

Ngoja niwaeleze vizuri, maana najua wengine mmekuja leo.

Mama yangu ni msusi. Ana saluni chumba cha mbele cha nyumba yetu, viti vitatu, kioo kikubwa ukutani na taa ya duara ya kurekodia. Mkono wake una baraka, hilo siwezi kumnyima. Lakini kilichomjazia wateja si mkono. Ni ukurasa wake, wa mitindo ya nywele na malezi ya watoto.

Nywele ni zake. Watoto ni sisi.

Mimi nilianza kupostiwa kabla sijaota meno. Nilivyotambaa, mmeniona. Nilivyoanguka jukwaani siku ya mahafali ya chekechea, mmeniona. Nilipokuwa darasa la tatu nikakojoa kitandani kwa sababu ya homa, mama akalipiga picha godoro langu likiwa limeanikwa uani, akaandika, "Jamani, humu ndani kuna mtu kageuka bomba!"

Mlicheka sana. Nimeyasoma maoni yenu yote, mpaka leo naweza kuyasema bila kuangalia.

Shuleni naitwa Godoro. Nina miaka kumi na sita, niko sekondari, sasa ni msichana mkubwa... na bado naitwa Godoro.

Basi mwaka huu mama akasikia habari za watoto kubebwa shuleni. Akaogopa kweli, akamwambia Kibibi atunge neno la siri. Mtu yeyote akija kumchukua asiyelijua, asiende naye. Kibibi ana miaka sita, akafikiria weee, akasema, "Kuku amevaa miwani!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Mama akafuta machozi, akasema, "Hebu rudia, mwanangu. Subiri niwashe simu."

Ndiyo ile video. Kibibi na meno yake mawili yaliyong'oka, anasema neno lake la siri, na chini mama kaandika, "Wazazi, wapeni watoto neno la siri! Wangu habebwi na mtu asiyelijua!"

Ilisambaa nchi nzima. Mlimpongeza mama kwa ushauri mzuri.

Sasa turudi getini.

Nilikimbia mpaka nyumbani ndala zikanikatikia njiani. Siku hiyo sikwenda shule. Mama alinibakiza nimshikie simu, alikuwa na mtindo mpya anataka kuurekodi hatua kwa hatua. Muda wa kumchukua Kibibi ulipofika nilimuomba niende, akanijibu, "Subiri tumalizie upande huu, mtoto hapotei."

Nikaingia saluni kama mwizi anayekimbizwa.

"Mama! Kibibi amechukuliwa!"

"Amechukuliwa na nani?"

"Mwanaume! Kataja neno la siri! Mwalimu kamkabidhi!"

Kitana kilimdondoka mama. Akashika kifua. Akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tangu nizaliwe, na nikajua huu si wa video.

Halafu... jamani, hapa nisikilizeni. Akaangaza macho huku na huku, akauona mkono wangu bado umeshika simu yake niliyokuwa nikimrekodia.

"Washa laivu!"

"Mama, tupige polisi!"

"Washa laivu nimekwambia! Watu watamuona! Na usinikate kichwa, simama kwenye mwanga!"

Kwenye kiti alikuwa mteja mmoja, mama wa makamo, kichwa upande mmoja kimesukwa, upande wa pili nywele zimesimama wima. Ni mteja wetu wa siku nyingi, na kila akija anatuambia, "Sura yangu usiitoe." Tulidhani ni maringo tu.

Yule mama akainuka, taulo bado liko mabegani.

"Mimi ni askari," akasema. "Dawati la watoto. Mtoto kavaa nini?"

"Sare, sweta la kijani... kasukwa kichwani na shanga nyekundu, afande," nikamjibu.

"Mtu mwenyewe?"

"Shati la mistari."

Akatoa simu yake, akaanza kuongea na wenzake kwa sauti ya chini, ya haraka. Vituo vyote vya jirani, stendi ya mabasi, madereva wa pikipiki. Nywele zake nusu zimesimama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikahisi kuna mtu mzima ndani ya chumba kile.

Mama yeye alikuwa laivu analia.

"Jamani nisaidieni! Mwanangu Kibibi! Mnamjua nyote, ni mtoto wenu!"

Maoni yalikuwa yanapanda kama povu la sabuni. Pole mama. Mungu amtangulie. Huyu si yule wa kuku? Kuna mwingine akaandika, hii ni kiki tu, wanatafuta umaarufu.

Mimi ndiye ninayejibu maoni kwenye ukurasa huu, ndiyo kazi yangu tangu nilipojua kuandika. Kwa hiyo macho yangu yamezoea. Likapita moja, nikaligandisha kwa kidole.

"Pole mama. Msiwe na hofu. Atakuwa mahali anakula biskuti zake za maziwa. Mjomba yupo."

Mjomba Shabiki!

Wafuasi wa zamani mnamjua. Akaunti haina picha, lakini haikosi posti hata moja. Jino la Kibibi likitoka, yupo. Sweta jipya, yupo. Mama alikuwa anamsifia mpaka kwenye laivu, "Mjomba Shabiki hatuangushi!" Na kila maoni yake yanaishia hivyohivyo: Mjomba yupo.

Mwalimu alisema nini? Na mjomba wenu.

"Afande..." nikamsogezea simu. "Afande, tazama hii."

Alisoma mara moja. Akamgeukia mama.

"Zima hiyo laivu, nipe simu."

"Afande, subiri kidogo! Watu wanaongezeka!"

"Zima!"

Akanipokonya simu, akaizima laivu mwenyewe. Akafungua ujumbe wa ndani, wa mama na Mjomba Shabiki. Ulikuwa mrefu, wa miezi na miezi. Mimi huko sikuwa naruhusiwa kuingia, mama alikuwa anasema hayo ni mambo ya biashara.

Mjomba anauliza Kibibi anavaa saizi gani ya viatu. Mama anajibu. Mjomba anauliza anapenda biskuti zipi. Mama anajibu na picha. Mjomba anasema anataka kumletea zawadi shuleni, amshtukize, je, anatoka saa ngapi?

Chini yake, mama alikuwa ametuma sauti. Afande akaibonyeza, ikaongea chumba kizima.

"Anatoka saa nane, mjomba. Huwa anamsubiri dada yake pale karibu na bomba la maji. Dada mtu mwenyewe mzembe, huwa anachelewa chelewa!"

Ikafuata kicheko cha mama.

Mama alikaa chini, palepale kwenye nywele zilizokatwa.

Nilitaka kumhurumia, nikashindwa.

Simu ya afande ikaita. Akasikiliza. Akasema, "Shikeni hapohapo, nakuja na familia."

Wapendwa, Kibibi alikuwa ameonekana stendi ya mabasi!

Na sasa nawaambia kilichomuokoa, maana hamkukiona kwenye video yoyote ya mama.

Siku ile neno la siri liliposambaa, mimi sikulala vizuri. Nikamuita Kibibi uani tukiwa tunafua soksi, nikamwambia:

"Kile kitu cha kuku, sasa watu wote wanakijua. Mtu akikuchukua, hata akisema kuku, wewe muulize kitu ambacho hakipo kwenye simu ya mama."

"Kitu gani, dada?"

"Chochote. Usiniambie."

"Na akikosea?"

"Kamata mguu wa mama yeyote aliye karibu, piga kelele, usiachie."

Basi yule mtu alimbeba kwa neno la kuku, na Kibibi wa watu akaenda akirukaruka. Kufika stendi akaona hapa si nyumbani. Wamekaa kwenye benchi, keshanunuliwa biskuti, yule bwana ameinamia simu anaandika. Sasa hivi mnajua alikuwa anaandika nini.

Kibibi akamuuliza, "Mjomba, nani alivunja kioo cha mama?"

Yule mtu akatabasamu, wala hakuinua macho.

"Si upepo!"

Alikuwa na haki ya kujiamini. Mama aliposti kile kioo kikubwa cha saluni kilivyopasuka, akalia, akaandika, "Upepo umenitia hasara jamani!" Na mama mwenyewe aliamini hivyo.

Upepo gani? Kioo nilikivunja mimi, kwa fagio, nikicheza muziki. Aliyeniona ni Kibibi peke yake. Tukafungua dirisha haraka, tukapanga ule uongo, tukaapa.

Kibibi akasikia "upepo"... akamrukia abiria mmoja aliyekuwa anapanga mabegi yake, akamng'ang'ania mguu kwa mikono yote miwili.

"Huyu si mjomba! Huyu si mjomba! Huyu si mjombaaa!"

Yule bwana akainuka taratibu. "Mwanangu mtundu huyu, samahani dada."

Akamvuta. Kibibi akamng'ata.

Dada wa watu akashtuka, akauliza, "Mtoto wako anaitwa nani, jina kamili?"

Na hilo pia angelijua, mama aliliposti na cheti cha kuzaliwa. Lakini watu walishaanza kukusanyika, na afadhali watu wa stendi hawana subira. Yule mtu akarudi nyuma hatua kadhaa, akajichanganya na abiria, akayeyuka.

Tulipofika, Kibibi bado alikuwa ameshikilia ule mguu. Dada yule kaachwa na basi lake, kakaa chini kabisa, anambembeleza. Ilibidi nimtoe Kibibi vidole kimoja kimoja.

Mama alimkumbatia. Nataka niseme kweli yote, alimkumbatia vizuri, akambusu kichwa chote zile shanga zikalia. Nikasema moyoni, sasa ameelewa.

Halafu akainua uso, akaniangalia.

"Umerekodi?"

"Nini?"

"Alivyonikimbilia! Umerekodi?"

"Mama, simu anayo afande."

Akamgeukia Kibibi, sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. "Mama, hebu rudi pale kwa yule anti, halafu unikimbilie tena. Ile ya kwanza haikutoka."

Kibibi alikuwa bado na kamasi usoni, na alama za vidole vya yule mtu mkononi. Akanitazama mimi, anangoja nimwambie afanye nini.

Afande alimjibu mama kwa niaba yetu. Sitaandika alichosema, ukurasa huu wanasoma na watoto.

Mnadhani iliishia hapo? Mngekuwa mnamjua mama yangu msingedhani hivyo.

Laini ya Mjomba Shabiki ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu aliyekwisha kufariki. Akaunti ikafutwa jioni ileile. Afande akatuambia tukae kimya, Kibibi abadilishwe shule, na asipostiwe kitu.

Mama akaitikia, "Sawa, afande."

Wiki ikaanza, nikafungua ukurasa kujibu maoni kama kawaida. Nikakutana na picha ya Kibibi. Sweta jekundu, nembo ya shule mpya kifuani, inasomeka vizuri kabisa. "Shule mpya, mwanzo mpya! Shetani ameshindwa!"

Chini yake posti nyingine. Hii ndiyo iliyonifanya nikae sakafuni.

"Familia yangu ya mtandaoni, mmelia na sisi, sasa tucheke pamoja! Tumchagulie Kibibi NENO JIPYA LA SIRI! Andikeni hapa, litakalopata laiki nyingi ndilo tutakalotumia!"

Nilimfuata saluni, simu mkononi.

"Mama, hiki ni nini?"

"Hujui kusoma?"

"Neno la siri unapigisha kura?"

"Wamesimama na sisi kwenye shida. Wana haki ya kushiriki. Na yule mtu keshaogopa, hawezi kurudi."

"Mama, halitakuwa siri tena!"

"Wewe una wivu," akasema, anamalizia msuko bila kunitazama. "Tangu Kibibi awe maarufu, una wivu. Watu hawataki kuona Godoro, wanataka kuona Kibibi. Sasa hilo ni kosa langu?"

Mteja aliyekuwa kwenye kiti alicheka kidogo.

Mama aliniita Godoro. Hilo jina aliniletea yeye, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka kwa kinywa chake.

Nikarudi chumbani nikayasoma mapendekezo yenu yote. Mlikuwa wengi, na mlikuwa mnachekesha, sikatai. La kwanza kwa laiki liliandikwa na akaunti mpya, Shangazi Mwenye Upendo.

"Bata amekunywa chai! Poleni kwa mtihani. Shangazi yupo."

Nilisoma tena. Shangazi yupo.

Mnakumbuka nimewaambia macho yangu yamezoea?

Nilitoka kwa mlango wa uani, nikaenda mpaka kituoni. Afande alikuwa mezani kwake, kichwa kakinyoa kabisa, hakurudi kumalizia ule upande wa pili. Alisoma, akaandika jina la ile akaunti kwenye karatasi.

"Mama yako anajua umekuja?"

"Hapana, afande."

"Usimwambie. Ukimwambia mama yako, umeiambia dunia nzima."

Akampigia baba. Baba ni dereva wa malori ya masafa marefu, anakaa barabarani kuliko nyumbani, na kutuona kwake ni kwenye ukurasa huu huu. Kila siku anaacha alama ya moyo, hana maneno mengi. Alisikiliza mpango wa afande mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu.

"Na zile picha zote nilizokuwa nafurahia, naye alikuwa anaziangalia?"

"Ndiyo," afande akamjibu.

Tukamsikia baba anazima injini ya lori. Halafu akasema, "Fanyeni. Ruhusa ninatoa mimi, baba yao."

Mama alitangaza mshindi laivu. Bata amekunywa chai! Akamkalisha Kibibi mbele ya taa ya duara alirudie. Kibibi alilisema polepole, macho yake hayako kwenye simu, yako kwangu niliyeshika simu. Nikamkonyeza, naye akanikonyeza.

Kesho yake nilimvalisha sweta jekundu, mama akampiga picha akitoka, tukaondoka. Hatukwenda shule. Kibibi alishinda kituoni anachora bata.

Na muda wa kutoka ulipofika, mwanaume mmoja alifika kwenye geti la shule mpya. Shati jeupe safari hii, limepigwa pasi. Mkononi ana pakiti ya biskuti za maziwa.

"Nimetumwa na mama Kibibi," akamwambia mlinzi. "Mwambieni mtoto, bata amekunywa chai."

Mlinzi akamfungulia geti vizuri kabisa. "Karibu, bwana. Tulikuwa tunakungoja."

Yule mlinzi alikuwa askari. Nyuma ya geti kulikuwa na wengine.

Mama alipopata habari alifika kituoni anahema. Nilidhani atauliza, mtu huyu ni nani, alitaka kumfanya nini mwanangu. Akamvuta afande pembeni.

"Afande, naomba picha moja tu. Akiwa na pingu. Wafuasi wangu wanastahili kuona."

Afande akamwita ndani, mimi nikafuata, na baba kwenye simu. Akaweka mezani simu ya yule mtu.

Tulikuwa humo ndani sote. Kibibi wa mwezi mmoja anaogeshwa kwenye beseni. Mimi na mahafali yangu. Ramani ya mtaa wetu, ametia alama kila ukuta uliowahi kuonekana nyuma yetu. Sweta la kijani, sweta jekundu. Godoro langu lilikuwemo.

Na hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na watoto wengine, wa kurasa nyingine, kila mmoja na faili lake na jina lake la nyumbani. Pengine na wa kwako.

Mnataka kujua ni mtu gani? Mlitaka niseme ni jini, au mlevi, au kichaa. Ana kazi nzuri na mke. Ana watoto watatu, wadogo, mmoja umri wa Kibibi.

Afande akatuambia, "Nimeipekua hii simu yote. Hakuna picha hata moja ya watoto wake. Mtandaoni hawapo. Hata majina yao hayapo. Nikamuuliza kwa nini."

"Akasemaje?" mama akauliza.

"Alicheka. Akasema, afande, mimi nina akili zangu. Mtu mwenye akili anaweka watoto wake kule?"

Nilimwangalia mama usoni nikiomba, jamani niliomba, angalau alie.

Tulipofika nyumbani aliingia mtandaoni akaandika, "TUMESHINDA! Kesho laivu, Kibibi atawasimulia MWENYEWE alivyoshikwa mkono. Usikose!"

Sasa angalia juu. Angalia jina la ukurasa unaousoma.

Huu ni ukurasa wa mama yangu. Simu yake ameniachia niichaji, kama kila siku, yeye yuko chumba cha mbele anasuka. Pasiwedi ninayo, si ndiye mimi mjibu maoni wenu? Hiyo laivu ya kesho haitakuwepo, kwa sababu ukurasa hautakuwepo. Nikimaliza sentensi ya mwisho nawapa muda mfupi msome, kisha nafuta. Ushahidi wote polisi wanao, afande alishasema niko huru.

Najua nafuta na picha za utotoni kwangu. Nyingine hatuna, mama hakuwahi kuzisafisha. Baba nimeshamwambia. Kasema, "Nitawaona nikirudi, mwanangu. Nitakuja mapema."

Najua pia mama atanipiga. Atapoteza wateja, na atasema nimemuua. Sawa.

Funzo langu ni fupi. Mtoto wako usimpe simu kabla ya wakati, mmesikia hilo sana. Lakini Kibibi hana simu! Hajawahi kuwa nayo hata siku moja. Aliyekuwa nayo ni mama yake. Kwa hiyo kabla hujampekua mwanao, jipekue wewe. Shule yake, sweta lake, njia yake, biskuti anazopenda, aibu zake... umeweka? Futa.

Usishee hii. Najua mkono unawasha. Usishee.

Nasikia mkasi. Mama anakata ncha za nywele, kichwa kinakaribia kwisha.

Mama, ukikuta mtu amekutunzia haya maneno: kioo nilivunja mimi. Si upepo.

Na wewe mwingine, unayesoma kimyakimya bila kuacha maoni, unayewaza kwamba sasa unajua swali la Kibibi na jibu lake. Hilo halitumiki tena. Jana tukifua soksi tumetunga jingine, mimi na yeye, wala hatukuangalia kamera.